Vile mtoto anaokota tabia za wakubwa, na vile utamsaidia aokote zile nzuri

Kama unalea huku Kisumu ama hata Nakuru, anza na hii: punguza mahubiri, chunga vile unaongea na watu mtoto akiwa karibu. Mtoto wa miaka mitatu minne hotuba haimshiki, lakini ukipanda naye matatu umtukane makanga juu ya chenji ya shilingi ishirini, hiyo ameichukua yote, sauti, mkono, mpaka vile ulikunja uso. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha hii kitu mwaka 1961 pale Stanford, Marekani. Kati ya watoto 72, kuna wale walioonyeshwa mtu mzima akichapa mdoli mkubwa wa kupulizwa, na baadaye wengi wao wakauchapa vilevile, wengine na maneno yaleyale, na hakuna mtu aliwatuma.

Halafu mlete karibu na kazi. Ukienda soko la Kibuye pale Kisumu Jumapili nenda naye, asikie vile unamsalimia mama wa omena kabla hujauliza bei, vile mnavutana bei bila kudharauliana, vile anakuongezea na unashukuru. Tafadhali usimpe simu ndio atulie, juu akiwa kwa katuni hayo yote yanampita. Na nyumbani akitaka kuchambua sukuma mwachie tu, ndio, ataharibu majani kadhaa na utachelewa kupika, lakini ukimfukuza kila siku "toka hapa nimalize haraka" usishangae akifika miaka kumi na mbili ukimtuma anakuangalia tu. Wazee wetu hii waliijua kitambo: watafiti Robert na Barbara LeVine walipokaa Nyansongo kule Kisii miaka ya 1950 walikuta watoto wadogo kabisa wakibeba wadogo wao na kuchunga ng'ombe, na walijifunza kwa kukaa karibu na wanaofanya.

Wavulana usiwaache nje. Mtafiti Carol Ember aliangalia vijana wa Kijaluo upande wa Oyugis, na kwa utafiti aliochapisha 1973, wale waliokuwa wakifanya kazi za wasichana ndani ya nyumba hawakuwa wakali kama wenzao. Kwa hivyo baba naye aonekane akisonga ugali, akiosha mtoto, juu ukimwambia kijana aoshe vyombo na hajawahi kuona mwanaume akiviosha, ameshajua ni adhabu.

Matanga pia mwende naye, mweleze mapema kutakuwa na kilio, asimame kando yako aone vile unashika mkono wa wafiwa na vile unatoa mchango.

Akirudi na neno chafu usikimbilie kiboko, muulize pole pole amelisikia wapi. Kama ni kwako, kubali hapohapo. Na kama ulimfokea dada wa kazi mtoto akisikia, nenda umwombe msamaha mtoto akisikia, usingoje alale.