Mzee mwenye sukari na presha: kazi ya nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine

Kliniki inamwona mzee wako kwa muda mfupi, kisha inampa tarehe ya mwezi ujao, au hata miezi mitatu mbele. Siku zote za katikati ni zako wewe unayeishi naye. Mimi nimekuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari mkoani Tanga mpaka nilipostaafu, na sasa nyumbani kwangu Ngamiani namtunza mama mkwe mwenye sukari na presha. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani kila mtoto, mjukuu na mkwe ayajue kabla hajaondoka na mfuko wa dawa dirishani.

Kwanza kabisa: sukari kushuka

Ndugu wengi wanaogopa sukari kupanda, na wana haki. Lakini kwa mtu mzima wa miaka sabini na kuendelea, sukari iliyoshuka ndiyo inayoweza kumwondoa kwa saa chache. Akianguka avunjike nyonga, huenda chanzo ni kushuka kwa sukari. Akiamka usiku anaweweseka, nyumba nzima ikadhani ni mambo ya majini, huenda ni kushuka kwa sukari. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L), hesabu kwamba imeshuka na ufanye kitu hapo hapo.

Kwa hiyo usimbane mzee kwa namba za kijana. Mzee mwenye nguvu zake anaweza kulenga karibu na namba za kawaida. Mwenye figo dhaifu, kumbukumbu iliyopungua au maradhi mengi, sisi humlegezea: asubuhi kabla ya kula, kati ya 5 na 8 inatosha, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikiwa chini ya asilimia 8 tunashukuru. Mwulize daktari lengo la mzee wako ni lipi, na aliandike kwenye daftari lake.

Mazungumzo haya nimeyafanya asubuhi nyingi sana:

"Shikamoo bibi. Umekula?"
"Marahaba mwanangu. Nimekunywa chai."
"Chai na nini?"
"Chai tu, na dawa zangu nimemeza."

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Dawa aliyomeza inaisukuma kongosho itoe insulini, tumboni hamna kitu, na kliniki foleni inafika mpaka saa saba mchana. Dawa ya kuangalia zaidi ni glibenklamidi, wengi wanaiita Daonil. Inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikichoka inakaa zaidi. Miongozo mingi ya kutibu wazee inashauri isitumike kabisa kwao. Ukiiona kwenye mfuko wa mzee wako, usiikatize mwenyewe, ila mwulize daktari kama kuna nyingine ya kumfaa. Metformini peke yake haina kawaida ya kushusha sukari kupita kiasi. Sheria ya nyumbani kwangu ni moja: sahani mezani kwanza, ndipo kidonge cha kushusha sukari kitoke kwenye boksi. Siku asiyokula, usimpe glibenklamidi, piga simu kliniki uulize.

Dalili kwa mzee hazifuati kitabu. Kijana atatetemeka na moyo kwenda mbio. Mzee anaweza kuwa mkali ghafla, kukutazama bila kukujibu, kuongea kama mlevi, au kulala mchana kwa namna isiyo yake. Akiwa anatumia dawa za presha za jamii ya atenololi, kutetemeka na mapigo ya moyo huweza kufichika, ukabaki na jasho tu. Mguse shingoni nyuma. Akiwa amelowa na hali ya hewa haina joto la kuleta jasho, pima.

Kama huna mashine, mtibu kama imeshuka. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Akishakaa sawa ale chakula, mkate au ndizi au kiporo cha wali, la sivyo itashuka tena. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, hata asali. Mlaze ubavu, tafuta gari.

Miguu, kila jioni

Sukari ya miaka mingi inaua hisia za miguu. Mzee anasema miguu inawaka moto, baadaye anasema imepona. Haijapona, imekufa ganzi. Kuanzia hapo anaweza kukanyaga msumari akaja nao mpaka sebuleni bila kujua. Viungo vingi vinavyokatwa kwa sababu ya kisukari vilianza na kidonda ambacho mtu angekiona mapema kama angetazama.

Mjue kama ana ganzi kwa njia hii, haihitaji kifaa. Afunge macho. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa taratibu sana, sekunde moja au mbili, kidole gumba cha mguu wa kulia, cha katikati, kisha cha mwisho. Mguu wa kushoto vivyo hivyo. Usibonyeze, usirudie. Kila anapohisi aseme "ndiyo". Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, huyo miguu yake iko hatarini, na kliniki iambiwe.

Jioni, mama mkwe akishamaliza swala ya magharibi, nakaa chini, anaweka mguu kwenye goti langu. Natazama nyayo kwa tochi ya simu, napanua vidole kimoja kimoja, naangalia kisigino kama kimepasuka. Nagusa kwa mgongo wa mkono, maana sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili ina jambo. Kisha namkausha katikati ya vidole, nampaka mafuta ya nazi nyayoni, si katikati ya vidole ambako unyevu huleta fangasi. Kucha zikatwe sawasawa, bila kuchimba pembeni. Sugu isichongwe kwa wembe. Maji ya kunawa yapime wewe kwa kiwiko, kwa sababu yeye hatajua yanaunguza. Wenye wazee Lushoto na milimani kwenye baridi, msiwaache waote moto na miguu karibu na jiko. Hina haina neno, ila piko yenye kemikali inaweza kubabua ngozi, kwa hiyo arusini mpakeni mwingine.

Na panya. Najua wapo watakaoshangaa, lakini mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania waliotafunwa miguu na panya usiku, wakagundua asubuhi kwa damu kwenye shuka. Ganzi haiwaamshi. Anawe miguu na mikono kabla ya kulala ili harufu ya chakula isibaki, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Daktari huyo huyo ameandika pia juu ya mikono: mwiba wa samaki au kuumwa na mdudu kunavyoweza kugeuka jipu la kiganja zima kwa mwenye sukari. Wanaopara samaki nyumbani, walijue hilo.

Asitembee peku, hata kwenda chooni. Ndala zinateleza na haziukingi mguu. Mtafutie viatu vya kufunika mbele, vipana, vinunuliwe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Avikung'ute kabla ya kuvaa.

Kidonda chochote mguuni, hata kisichouma, hasa kisichouma, kiende hospitali siku hiyo hiyo. Kisiwekwe majivu, dawa ya meno wala maji ya betri.

Mfuko wa dawa

Kila anapokwenda kliniki abebe mfuko wote, pamoja na za dukani na za mitishamba. Utakuta dawa moja kwenye maboksi mawili yenye majina tofauti, anameza zote. Kwa asiyesoma, chora jua kwenye boksi la asubuhi na mwezi kwenye la usiku.

Dawa ninayoigomba kuliko zote ni diklofenaki. Magoti yanauma, mjukuu anatumwa duka la dawa, mzee anameza wiki baada ya wiki. Inapandisha presha, inajaza maji mwilini na inaziumiza figo ambazo sukari tayari imezichosha. Aanze na parasetamoli kwa kipimo sahihi na amwone daktari kuhusu magoti. Prednisoloni nayo hupandisha sukari, kwa hiyo ikiandikwa, sema wazi kuwa mgonjwa ana kisukari.

Insulini isiyofunguliwa ikae kwenye friji, si kwenye barafu. Ikiganda, tupa. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje, mahali pa baridi na kivuli, kwa takriban wiki nne. Penye joto letu na pasipo friji, mtungi wa udongo unasaidia kweli: chupa ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi huo ndani ya mkubwa, na katikati mchanga unaolowanishwa kila siku.

Presha

Mkalishe dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo. Asiwe na mkojo. Pima mara mbili uandike. Kisha msimamishe, pima tena. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, ndiyo sababu ya kizunguzungu chake anapoamka kwenda msikitini alfajiri, na dawa zinahitaji kuangaliwa upya. Afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kunyanyuka.

Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha. Kwetu imejificha kwenye papa, ng'onda, achari na vile vikolezo vya pakiti. Papa akipikwa, aloweshwe na maji yamwagwe.

Chakula bila masimango

Mzee asinyang'anywe sahani mbele ya wageni. Mama mkwe ni mtu wa wali wa nazi na anakula wali wa nazi, ila sahani yake naipakua mimi: nusu mchicha, bamia au matembele, robo wali, robo samaki au choroko. Ugali wa dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona nao unapandisha sukari. Asali ni sukari. Juisi ya embe ni sukari, embe lenyewe kipande ni sawa. Chai iwekwe iliki na mdalasini, ulimi utazoea. Mzee aliyekonda msimpunguzie chakula kwa jina la kisukari. Anahitaji mayai, maziwa, samaki na kunde ili misuli isimwishe.

Baada ya kula atembee, hata kwenye uwanja wa nyumba. Na ninyi watoto wake, mjue kisukari kinatembea kwenye ukoo, mkapime. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakapunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 na zaidi upungufu ulikuwa asilimia 71. Wazee ndio waliofaidika zaidi, kwa hiyo asiambiwe mtu kuwa amechelewa.

Ramadhani

Mazungumzo haya yaanze Rajabu, si usiku wa kuamkia mfungo, ili dawa zipangwe upya. Anayetumia insulini, mwenye figo mbovu au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka, daktari huenda akamzuia. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa nafasi asiyeweza, amlishe maskini. Mkumbushe kwa upole, kwa sababu kwa mzee aliyefunga tangu utotoni hili linauma kweli. Anayefunga apime mchana, na kwa wanazuoni wengi tone la kidole halibatilishi saumu. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue pale pale. Daku aicheleweshe, na futari isianze na kaimati.

Yasiyosubiri tarehe ya kliniki

Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka, hata kama yamepita baada ya dakika chache. Kifua kubana, au pumzi kukata na jasho jingi. Wenye kisukari mara nyingine hupata shambulio la moyo bila maumivu makali. Kutapika au kuharisha kwa siku nzima, maana metformini na baadhi ya dawa za presha huenda zikahitaji kusimamishwa, lakini insulini isikatizwe bila ushauri. Sukari inayosoma juu sana pamoja na usingizi mzito na kiu. Kuona kupungua ghafla. Kikohozi cha wiki mbili nacho kipimwe kifua kikuu, kwani kisukari huongeza hatari yake.

Ukimpeleka, chukua daftari, mfuko wa dawa na mashine ya sukari yenye kumbukumbu za vipimo. Kama ni dalili za kiharusi, andika kwenye karatasi saa uliyomwona mzima mara ya mwisho, umkabidhi daktari wa zamu mlangoni.