Namna ya Kuunda Timu ya Raga ya Mwaliko Lubumbashi kwa Kufuata Nyayo za Barbarians

Timu ya mwaliko haina uwanja wake, haina jengo la klabu wala haitozi ada ya uanachama. Wachezaji wake ni wa vilabu vingine. Hukusanyika kwa siku chache ili kusafiri na kucheza, kisha kila mmoja hurudi kwao. Barbarians wa Uingereza wameishi hivyo tangu 1890, na mtu wa Lubumbashi anayetaka kuwakusanya wachezaji wa Katanga ili awavushe mpaka wa Kasumbalesa kwenda kucheza na wenzao wa Zambia atapata katika historia yao majibu ya mambo mengi yatakayomsumbua.

Tangulizeni safari, katiba itafuata. William Percy Carpmael, mchezaji wa klabu ya Blackheath ya London, hakuanza kwa kuandikisha chama. Aliongoza kwanza kikosi cha wachezaji aliowaalika mwenyewe katika ziara ya kaskazini mwa Uingereza, na ni katika chakula cha usiku mjini Bradford, Aprili 1890, ndipo wenzake walipokubaliana kwamba jambo hilo lipewe jina na liendelee. Mechi yao ya kwanza ilichezwa tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, wakawashinda Hartlepool Rovers kwa 9 kwa 4. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: tafuteni mwenyeji mmoja aliye tayari, mkubaliane tarehe, msafiri, kisha mkae kuandika kanuni mkiwa mmekwisha kuonja ugumu wa kazi yenyewe.

Kanuni iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kuchagua wa kualikwa. Barbarians huuliza mambo mawili tu: je, mtu huyu anacheza raga ya kiwango cha juu, na je, ni mwanamichezo mwenye tabia njema uwanjani na nje yake? Dini, rangi na tabaka havimo katika maswali hayo. Walter Carey, aliyekuja kuwa Askofu wa Bloemfontein, ndiye aliyewaandikia wito wao, ambao maana yake ni kwamba raga ni mchezo wa waungwana wa matabaka yote, lakini si wa mwanamichezo mbaya wa tabaka lolote. Mkilegeza sharti hili la pili kwa sababu ya kipaji cha mtu, timu haitadumu, kwa kuwa haina mali nyingine ya kuitetea mbele ya mwenyeji isipokuwa watu iliokuja nao.

Kamati ya uchaguzi iwe ndogo, watu watatu au watano, na isijazwe na viongozi wa klabu moja. Barua ya mwaliko ipitie kwa rais wa klabu ya mchezaji kabla ya kumfikia mchezaji mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa Kamalondo, wa Ruashi au wa Likasi atakayedhani kwamba mnamnyang'anya kijana wake. Katika jambo hili Barbarians wana desturi isiyogharimu hata franki moja: wote huvaa jezi moja yenye mistari myeupe na myeusi na kaptula nyeusi, lakini kila mchezaji huvaa soksi za klabu yake. Ichukueni kama ilivyo. Kocha aliyebaki nyumbani akiziona soksi zake katika picha ya timu, atamruhusu kijana kwa moyo mweupe mwaka unaofuata. Wana desturi nyingine ya kumpa nafasi, katika mechi zao kubwa, walau mchezaji mmoja ambaye hajawahi kuitwa katika timu ya taifa. Mchezaji wa Lubumbashi, aliye mbali na Kinshasa, anaihitaji nafasi hiyo kuliko mwingine yeyote.

Kuhusu kalenda, chagueni wakati mmoja wa mwaka na msiubadilishe. Kwa miongo mingi Barbarians walikwenda kusini mwa Wales kila Pasaka: Penarth siku ya Ijumaa Kuu, Cardiff Jumamosi, Swansea Jumatatu, Newport Jumanne. Watu waliijua safari hiyo bila kutangaziwa. Kwetu Pasaka huangukia siku ambazo mvua haijakwisha vizuri, kwa hiyo napendekeza mwezi wa Mei, wakati barabara zimekauka lakini udongo mwekundu wa viwanja haujawa mgumu kama tofali. Mechi nne katika siku tano msiziige hata kidogo. Mechi moja, au mbili zenye mapumziko ya siku kadhaa katikati, zinatosha.

Mechi inayovuka mpaka inahitaji kibali cha mashirikisho ya nchi zote mbili, na barua hizo ziombwe miezi kadhaa kabla. Kila mchezaji awe na hati halali ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu mmoja azikague zote Lubumbashi, kabla gari halijaondoka. Kasumbalesa fikeni asubuhi mapema, maana foleni ya malori ya shaba haimsubiri mtu. Ng'ambo ya mpaka kuna Chililabombwe, kisha Chingola, kisha Kitwe, nyumbani kwa klabu ya Diggers.

Sasa niseme kwa kirefu juu ya skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira, kwa sababu hapo ndipo timu iliyokusanywa kwa haraka huweza kuvunja shingo ya mtu. Kanuni za raga zinadai kwamba timu iliyoandikisha wachezaji 23 iwe na sita waliozoezwa kucheza mstari wa mbele wa skramu, yaani huka wa katikati na propu wa pande zake mbili. Wakiwa 19 hadi 22, wawe watano. Wakiwa 16 hadi 18, wawe wanne. Waalikeni hao kwanza, kabla ya wakimbiaji hodari ambao kila mtu anawataja. Mtu mnene asiyezoezwa si propu, na asiwekwe hapo hata kama aliyepangwa ameugua njiani. Ni afadhali kumwambia refa mapema ili skramu zichezwe bila kusukumana. Refa wa Zambia atatoa amri kwa Kiingereza, ilhali wachezaji wetu wamezoea amri za Kifaransa, kwa hiyo mazoezi yote ya skramu yafanywe kwa amri za Kiingereza, tena na huka na propu walewale watakaocheza pamoja. Mmoja akisukuma nusu sekunde kabla ya mwenzake, kichwa cha huka kinabanwa. Mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa atoke, na asirudi siku hiyo.

Katika mambo mengine ya uchezaji, msiwafundishe mengi. Mazoezi mawili, ishara chache za mpira wa kurushwa, mpangilio wa ulinzi, basi. Barbarians walijengewa jina na kuthubutu. Tarehe 27 Januari 1973, Cardiff, dakika za mwanzo dhidi ya New Zealand, Phil Bennett aliuokota mpira karibu na mstari wa goli lake mwenyewe. Badala ya kuupiga nje aliwahepa wapinzani mmoja baada ya mwingine, akampa J.P.R. Williams, naye akautoa huku ameshikwa shingo. Ukapita kwa Pullin, Dawes, David na Quinnell, hadi Gareth Edwards alipoukimbiza na kujitupa nao kwenye kona ya kushoto. Wanaume hao walitoka vilabu mbalimbali, na Barbarians walishinda 23 kwa 11.

Fedha zihesabiwe safari kwa safari. Mwenyeji atoe malazi na chakula, nanyi mtoe hivyohivyo atakapokuja Lubumbashi. Nauli itafutwe kwa wafadhili, na hesabu isomwe mbele ya wachezaji wote. Viingilio vinaweza kubeba mzigo mkubwa: mwaka 1948 Barbarians walicheza na Australia mjini Cardiff ili kuwasaidia wageni hao kugharimia safari ya kurudi kwao kupitia Canada, na mechi hiyo ikazaa desturi ya kuwaaga wageni wakubwa.

Nidhamu iandikwe na kutiwa saini kabla ya kuondoka. Oktoba 2020 mechi kati ya Barbarians na England ilifutwa kwa sababu wachezaji walitoka hotelini kinyume cha masharti ya Covid. Jina la miaka 130 halikuiokoa mechi hiyo, na timu changa itaumia zaidi.

Wanawake wasisubiri. Barbarians walichelewa mno: timu yao ya wanawake ilicheza mechi ya kwanza mwaka 2017, ikaishinda Munster. Ninyi mnaanza leo, kwa hiyo alikeni vikosi viwili tangu safari ya kwanza.

Mwisho, mteueni mwandishi. Baada ya kila mechi, kabla gari halijarudi mpakani, aandike tarehe, uwanja, jina la kila mchezaji na klabu yake, waliofunga, refa na matokeo. Nakala moja abaki nayo mwenyeji, ya pili ipelekwe kwa shirikisho, ya tatu itunzwe na kamati pamoja na hesabu za safari.