Mzee kaletwa emajensi, utajuaje kama kaanguka au kapigwa

Kwanza niseme hivi, wazee wanaanguka kweli, wengi wanaokuja na nyonga imevunjika wameteleza bafuni na hamna aliyewagusa, kwa hiyo usimwangalie kila aliyemleta mzee kama mhalifu. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wenye miaka 60 kwenda juu, 1 ametendewa vibaya ndani ya mwaka mmoja, sasa jiulize kwenye shifti zako umewahi kuandika wangapi.

Anza na mwili. Ngozi ya mzee ni nyepesi, na kama anatumia aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, ndo kabisa, akigonga mlango tu mkono unavilia damu, so alama za mikononi na kwenye muundi peke yake zisikutishe. Za kukusimamisha ni za shingoni, masikioni, matakoni, nyayoni, manake huko mtu haangukii kirahisi. Na hii ya kusema alama imeshakuwa ya njano basi ni ya wiki iliyopita achana nayo, rangi inadanganya sana.

Halafu linganisha jeraha na stori. Mfano bibi kavunjika mkono katikati, mfupa wa upande wa kidole kidogo, huo mmoja tu, na aliyemleta anasema kateleza. Anayeteleza hutanguliza kiganja, mara nyingi anavunjika karibu na kifundo cha mkono, anayekinga kichwa asipigwe ndo huvunjika pale katikati. Siyo ushahidi wa mahakamani, lakini usiishie kumfunga P.O.P, ile plasta ngumu, na kumpa panadol.

Kutelekezwa kunatupita zaidi kwa sababu hakuna damu. Mgeuze, yaani mgeuze kweli: vidonda vya kulalia kwenye makalio na visigino, pempasi imelowa mpaka ngozi imebabuka, midomo imekauka, sukari iko juu na ukiuliza insulini unaambiwa iliisha siku nyingi. Hapa tumia busara, kuna binti anamuuguza mama yake peke yake, hana hela wala usingizi, huyo anahitaji msaada kabla ya polisi.

Kubwa kuliko yote ni kuongea na mzee peke yake. Ukiona kila swali anajibu aliyemleta, na mzee anamtazama yule usoni kwanza ndo afungue mdomo, mtume akafungue faili, wewe msukume mzee mwenyewe mpaka eksirei. Shikamoo bibi, nyumbani unaishi na nani? Chakula anakupa nani? Hela yako anashika nani? Kuna mtu unamwogopa? Hata anayesahausahau muulize. Na kwa Kanda ya Ziwa, huku Tanzania upande wa Ziwa Victoria, ongeza moja, kama kuna anayemwita mchawi, maana kule mabibi wameuawa kwa ajili ya macho mekundu ambayo ni moshi wa jikoni tu, so akikwambia hivyo usichukulie kama umbea.

Ukishashuku usigombane na ndugu koridoni, utamponza mzee usiku huohuo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, chora alama zilipo na ukubwa wake, mtibu huku PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, inafuatiliwa, mwite afisa ustawi wa jamii. Kama ni usiku na ustawi hayupo mlaze wodini hata kama jeraha lenyewe dogo, asubuhi ndo mkae na mzee mwenyewe mjadili anarudi wapi.