Git Nzito kwenye Repo Kubwa: Ifundishe Kusema Hapana Mapema

Natunza repo (hazina ya msimbo) moja kubwa inayochangiwa na timu kadhaa, na lalamiko ninaloletewa halibadiliki: Git, programu inayotunza historia ya msimbo, imekuwa nzito. Silipokei hivyo hivyo. Namwomba mlalamikaji anitajie amri yenyewe, kwa sababu `git status` nzito na `git tag --contains` nzito ni magonjwa mawili. La kwanza liko kwenye mafaili yaliyotandazwa kwenye diski, la pili liko kwenye historia, na dawa ya hili haiponyi lile. Hapa nashughulika na historia tu.

Amri za historia, kwa kiasi kikubwa, zinarudia swali moja: nikianzia komiti hii (rekodi moja ya mabadiliko) nikafuata wazazi (komiti zilizoitangulia), na wazazi wa wazazi, nitaifikia komiti ile? `git branch --contains` huliuliza kwa kila tawi (mfululizo wa komiti wenye jina). `git merge-base` hutafuta babu wa karibu wa komiti mbili. `git push` hukagua kama ncha ya zamani ya tawi, yaani komiti yake ya mwisho, inafikika kutoka ncha mpya. Hata `git log --graph` imo humo, maana hairuhusiwi kuonyesha mzazi kabla ya kuhakikisha watoto wake wote wameshapita.

Pima kwanza. Badilisha namba ilingane na umri wa repo yako:

```
time git tag --contains HEAD~5000
time git log --graph --oneline -n 10
time git -c core.commitGraph=false log --graph --oneline -n 10
```

Mistari miwili ya mwisho ni amri ileile. Ya pili inaikataza Git kutumia faili la grafu ya komiti, yaani jedwali la wazazi wa kila komiti. Muda ukilingana kwenye repo yenye historia ndefu, ama huna faili hilo, ama ulilonalo limebaki nyuma mno.

Bila faili hilo, Git ikitaka kujua tu wazazi wa komiti ni akina nani, inabidi iitafute komiti ndani ya mafaili ya `.pack` (vifurushi vya data ya Git), iifumue kutoka kwenye mgandamizo, kisha isome maandishi yake. Kernel ya Linux ina komiti zaidi ya milioni moja. Fikiria kazi hiyo ikirudiwa kwa kila moja. Faili la grafu, lililoingia katika Git 2.18 mwaka 2018, ni jedwali lenye safu za upana uleule: heshi (kitambulisho kinachokokotolewa) ya mti (orodha ya mafaili na folda), nafasi za wazazi wawili, tarehe, na namba ya kizazi. Kwa heshi za SHA-1 kila safu ni baiti 36. Kumfuata mzazi kunakuwa kuruka kutoka safu moja hadi nyingine, basi.

Ila wepesi wa kusoma ni nusu ya faida, tena nusu ndogo. Uzuri wenyewe uko kwenye namba ya kizazi. Komiti isiyo na mzazi hupewa 1. Nyingine yoyote huchukua namba kubwa kuliko zote za wazazi wake, ikaongeza 1. Kwa hiyo kila mzazi ana namba ndogo kuliko mtoto wake, daima, hata saa za kompyuta za waandishi ziwe zimeharibika. Sasa chukua tagi (jina la kudumu la komiti) yenye namba 800 na uulize kama ina komiti yenye namba 1,200. Git haitembei hata hatua moja; jibu ni hapana. Mtu hatafuti wajukuu wake miongoni mwa mababu zake. Na ikianzia tagi yenye namba 1,500, itashuka hadi kwenye 1,200 na kuacha kila njia iliyofika hapo bila kukutana na komiti inayotafutwa. Historia yote iliyo chini haiguswi.

Andika faili hivi:

```
git commit-graph write --reachable --changed-paths
```

`--reachable` inaanzia kwenye matawi na tagi zote. `--changed-paths` (kuanzia Git 2.27) ndiyo itakayokuweka ukisubiri mara ya kwanza, kwa kuwa inalinganisha kila komiti na mzazi wake wa kwanza ili kujua ni njia (anwani za mafaili na folda) zipi zilibadilika. Usikate tamaa na usiikatize. Kwa kila komiti inatengeneza kichujio cha Bloom: biti 10 kwa kila njia iliyoguswa, zinazowashwa kwa heshi 7. Ukiuliza `git log -- maktaba/mtandao/soketi.c`, kichujio hujibu "hapana" ya uhakika au "labda". Hapana ikitoka, komiti inarukwa bila kufungua mti wowote. Labda ikitoka, Git inakagua kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kosa la kichujio linakupotezea muda kidogo tu, kamwe haliharibu jibu. Komiti iliyogusa njia zaidi ya 512 haipewi kichujio cha maana. Watu wanaopanga upya msimbo wote kwa komiti moja wajue hivyo. Ukishaitumia `--changed-paths` mara moja, uandishi unaofuata huendelea nayo wenyewe.

Faili likiandikwa likaachwa, komiti mpya hazimo, na kila siku Git inatembea kipande kirefu zaidi kwa njia ya zamani kabla ya kufika kwenye jedwali. Ukifanya kazi kwenye kompyuta yako, amri hii inatosha:

```
git maintenance start
```

Ipo tangu Git 2.30, na hupanga kazi za nyuma ya pazia, ikiwemo kusasisha grafu kila saa. Usiyetaka kazi za ratiba, washa `git config fetch.writeCommitGraph true`, grafu isasishwe kila unapofanya `git fetch` (kuleta komiti mpya kutoka kwenye seva). Uandishi huo ni wa tabaka: komiti mpya zinawekwa kwenye faili dogo juu ya lile kubwa, badala ya kuandika jedwali zima upya.

Sasa jambo ambalo watu hulipita. Namba ya kizazi ya mwanzo ilikuwa na udhaifu. Tawi fupi lililoanzia komiti ya zamani sana lina namba ndogo, hata kama limeandikwa leo. `git merge-base` ikifuata namba hizo kwa utaratibu, inajikuta inapita kwenye maelfu ya komiti zisizohusika kabla ya kulifikia tawi hilo. Dawa ilikuja katika Git 2.31: tarehe iliyosahihishwa. Komiti hubaki na tarehe yake, isipokuwa kama mzazi ana tarehe sawa au ya mbele zaidi. Hapo husogezwa sekunde moja mbele ya mzazi. Unapata uhakika wa namba ya kizazi pamoja na akili ya tarehe. Tatizo ni kwamba tabaka la zamani lililoandikwa na Git ya zamani huyarudisha matabaka yote kwenye namba za mwanzo. Kama repo yako ni ya miaka mingi, lifute tabaka hilo kwa kuandika yote upya:

```
git commit-graph write --reachable --split=replace
```

Na ukiwa umefanya yote haya usione nafuu, angalia kama repo ni nakala ya kina kifupi, yaani ya `--depth`. Git huacha kabisa kutumia grafu humo, kwa kuwa wazazi wamekatwa na namba hazina maana tena. Mimi siipendi `--depth` kwa mtu anayefanya kazi ya kila siku. `git clone --filter=blob:none` inaleta komiti zote na miti yote, na kuyaacha maudhui ya mafaili hadi yatakapohitajika, na grafu inafanya kazi kama kawaida.

Kwenye seva swali ni zito zaidi: mteja anapofanya `clone` au `fetch`, ni vitu gani vyote vinafikika, si komiti peke yake bali miti na maudhui pia? Hapo tumia ramani za biti, zilizoingia katika Git 2.0:

```
git repack -a -d -b
time git rev-list --count --objects --all
time git rev-list --count --objects --all --use-bitmap-index
```

Kila kitu ndani ya `.pack` kina biti yake, na komiti chache zilizoteuliwa zinahifadhi ramani ya kila kinachofikika kutoka kwao. Seva inajumlisha ramani za anachotaka mteja, inaondoa za alicho nacho tayari, na kilichobaki ndicho kinachotumwa. Kufungasha kila kitu kwenye `.pack` moja ni gharama kubwa kwa repo kubwa; tangu Git 2.34 unaweza kuwa na ramani moja juu ya `.pack` nyingi kwa `git multi-pack-index write --bitmap`.

Ukishuku kwamba grafu imeharibika, endesha `git commit-graph verify`. Ikilalamika, futa `.git/objects/info/commit-graph` na folda ya `commit-graphs` iliyo pembeni yake, kisha andika upya. Hakuna komiti itakayopotea, kwa sababu kila kilichomo humo kimekokotolewa kutoka kwenye komiti zenyewe.