Namna ya Kumkumbuka Mwanajeshi Aliyefia Kazini na Kuishika Mkono Familia Yake

Mwanajeshi anapofia vitani au katika ulinzi wa amani ugenini, siku za mwanzo hazina upungufu wa watu. Jeneza hufunikwa bendera ya Taifa, viongozi hutoa salamu za rambirambi, na uwanja wa nyumba hujaa viti na maturubai. Ilikuwa hivyo Desemba 2017, baada ya kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, eneo la Beni katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, kushambuliwa na waasi wa ADF jioni ya tarehe 7. Wiki iliyofuata miili ya wanajeshi 14 iliagwa Dar es Salaam kwa heshima zote za kijeshi, kisha ikasafirishwa, mingine Zanzibar na mingine mikoani, ili kila mmoja azikwe alikotaka jamaa yake.

Kazi ngumu huanza maturubai yakishakunjwa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu, jirani au askari mwenzake marehemu anayetaka kumkumbuka ipasavyo, na nafasi kubwa nimeipa familia, kwa sababu siamini kwamba tumemuenzi aliyelala kaburini ikiwa mkewe anahangaika peke yake kutoka ofisi moja hadi nyingine na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Siku za msiba

Usiitangulie taarifa. Jeshi lina utaratibu wa kutuma maofisa nyumbani kuwapa wafiwa habari ana kwa ana, na ni ukatili mama kuona picha ya mwanawe kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapigiwa hodi. Hata baada ya taarifa rasmi kutolewa, picha za miili na za majeruhi zisisambazwe kabisa, wala pasitajwe mahali kilipo kikosi chake, kwa kuwa wenzake bado wako huko.

Ukifika msibani, pole yako na kukaa kwako vinatosha. Wengi wetu tumezoea kumwambia mfiwa asilie kwa sababu aliyekufa ni shujaa, tukidhani tunamtia nguvu, kumbe tunamfanya mjane aone haya kulia mbele ya wakubwa wa mume wake. Mwache alie. Ushujaa wa marehemu utasemwa na mkuu wa kikosi chake. Wewe uliyemjua nyumbani sema ulichokijua, kwamba kila alipokuja likizo alishinda juu ya paa la mama yake akiziba bati linalovuja, au kwamba hakuwahi kupita dukani kwa Mangi bila kuuliza deni la nyumbani kwao limefika wapi.

Kuna kazi moja ya msibani ambayo naiona kubwa kuliko hotuba zote, nayo ni kushika daftari la rambirambi. Anayelishika aandike jina na kiasi cha kila mtoaji, ajumlishe kila jioni, na siku ya kuanua tanga amkabidhi mjane au mzazi fedha zote mbele ya mashahidi wa pande mbili. Ugomvi wa kwanza kati ya mjane na wakwe zake mara nyingi huanzia kwenye fedha hizi, na ugomvi huo ukishaanza huingia mpaka kwenye mirathi.

Kikosi kikirudisha sanduku la marehemu, lisifunguliwe mke wake asipokuwapo, au wazazi ikiwa hakuoa. Fahamu pia kwamba kwa raia kuvaa au kumiliki sare za jeshi ni kosa kisheria, kwa hiyo waulizeni mapema maofisa waliokuja na sanduku ni vitu gani vinabaki na vipi vinarudi. Medali, vyeti, barua, picha, saa ya mkononi, msahafu au Biblia aliyokuwa akiisoma ni vya familia. Mtoto akiililia kofia ya baba yake, asikemewe. Aelezwe kwa upole kwa nini inarudi jeshini, kisha apewe picha ya baba yake akiwa ameivaa, iwe yake mwenyewe.

Makaratasi

Ukoo umteue mtu mmoja mwenye subira, anayeaminiwa na upande wa mume na upande wa mke, awe ndiye mfuatiliaji. Anunue faili la plastiki na kuweka humo namba ya jeshi ya marehemu, cheo na kikosi chake, barua ya jeshi kuhusu kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote na nakala za vitambulisho vya Taifa. Asome majina herufi kwa herufi. Baba akiwa ameandikwa Mohamed jeshini na Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, malipo yanaweza kukwama kwa miezi kwa ajili ya herufi hizo chache. Ni afadhali kwenda mapema kwa wakili na kuapa hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Kwa Tanzania Bara cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kikao cha ukoo hukaa na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao huandikwa na kutiwa saini, na maombi hupelekwa mahakamani, kwa familia nyingi katika Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali: kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Kikao kisimfiche mke wa pili wala mtoto wa nje ya ndoa. Jeshini huenda marehemu aliwaandikisha wote, na hata kama hakuwaandikisha, mtoto aliyefichwa leo atakuja kudai haki yake akiwa mtu mzima, wakati nyumba imeshauzwa.

Mjane Mwislamu atakuwa katika eda kwa miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba. Mfuatiliaji apange safari zake kwa kuijua hali hiyo, aombe ofisi zimruhusu kupeleka fomu nyumbani zitiwe saini, na asiichukue eda kuwa nafasi ya kuamua mambo bila mwenyewe. Kama marehemu alifia katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, fidia ya kifo chake hupitia serikali ya nchi yake, kwa hiyo njia ya kuiulizia ni jeshi lenyewe. Yeyote anayepiga simu akidai kwamba ameliona faili la marehemu na anahitaji pesa kidogo ili lisogee mbele ni tapeli, hata akikitaja cheo cha marehemu na jina la kijiji chake.

Kuyaandika maisha yake

Wasifu unaosomwa mazikoni huwa ni ukurasa mmoja: alizaliwa, alisoma, aliandikishwa, alipandishwa cheo, alifariki. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile atauhitaji zaidi ya huo. Chukua daftari gumu, na katika mwaka wa kwanza, watu wakiwa bado wanakumbuka, nenda kwa kila aliyeishi naye. Muulize mama yake kuhusu utoto wake na jinsi alivyopokea habari kwamba mwanawe anakwenda jeshini. Waulize walimu wake, na vijana aliokuwa nao Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa kuwa hao humkumbuka kabla ya cheo. Andika maneno yao yalivyo, pamoja na tarehe na jina la aliyesema, na usiyaondoe yale yanayoonyesha ukaidi wake au madeni yake, kwa sababu mtoto akikua na kuambiwa tu kwamba baba alikuwa malaika hatamjua.

Kwa askari waliokuwa naye siku ya mwisho, nenda taratibu. Nao wamerudi na majeraha, mengine yasiyoonekana, na kuna ambao hawatapenda kuzungumza kabisa. Usiulize alikufaje. Uliza walikuwa wakila nini, nani alipika vizuri, marehemu alikuwa akiimba nini zamu za usiku, alimzungumzia nani. Akitaka kusimulia mapigano atasimulia mwenyewe, na hayo yahusuyo silaha, mipango na maeneo ya kikosi usiyaandike. Mwalike kwenye kisomo au misa ya kumbukumbu kama mtu wa familia, na akikataa mwaka huu mwalike tena mwakani.

Picha zinahitaji jicho la karibu. Igeuze kila picha, na nyuma yake, kwa penseli laini isiyokwaruza upande wa mbele, andika nani yuko kushoto, nani kulia, mahali na mwaka. Picha ya vijana wanne wamekaa juu ya mifuko ya mchanga, wamekunja mikono ya mashati, mmoja ameshika kikombe cha bati, leo kila mtu nyumbani anajua ni akina nani. Baada ya miaka ishirini atabaki mmoja anayejua, baadaye hakuna. Kisha kuna simu. Sauti alizomtumia mkewe, zile za "nimefika salama, wasalimie", ndizo hazina kubwa kuliko zote, na hupotea simu ikiibwa au kuharibika. Mtafuteni kijana anayeaminika azinakili kwenye kompyuta na kwenye kifaa kingine cha kuhifadhia, kila moja ikiwa na tarehe yake, kabla laini ya marehemu haijafungwa.

Kaburi na siku za kumbukumbu

Kaburi la kijijini lijengewe kwa makubaliano ya familia na kwa taratibu za dini yake, likiwa na jina kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na mahali alipofia. Mahali alipofia pasisahauliwe, kwa kuwa wapo watu ambao hawatawahi kusoma popote kwamba kijana wa kwao alifia Darfur au Kivu isipokuwa pale.

Wapo waliolala mbali na kwao. Wengi waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na Naliendele huko Mtwara wamelala wanajeshi waliofia Msumbiji. Mahali hapa pako chini ya jeshi, kwa hiyo anayetaka kuzuru aombe ruhusa mapema, akiwa na jina na namba ya jeshi ya marehemu. Kama kuna mama au mjane mzee ambaye hajawahi kuliona kaburi la mtu wake, wajukuu wachange nauli sasa, angali na nguvu za kusafiri, na wampigie picha akiwa pale.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, ambapo kwenye mnara wa mashujaa huwekwa ngao na mkuki, sime, shoka, upinde na mishale pamoja na shada la maua. Familia isiyoweza kufika inaweza kuifanya siku hiyo nyumbani kwa dua, kulifagia kaburi na kuwasomea watoto kurasa mbili za lile daftari. Tarehe 29 Mei ni ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na waliofia katika kazi hiyo hutunukiwa nishani ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa 1997. Ikiletwa nyumbani, ihifadhiwe pamoja na barua yake.

Anayemtafuta babu aliyepigana katika vita vikuu vya dunia anaweza kutafuta jina bila malipo katika orodha ya intaneti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Asikate tamaa asipolikuta: wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki hawakuandikiwa majina, na tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine. Jina la babu huyo liandikwe basi katika daftari la nyumbani, pamoja na kila kinachosimuliwa juu yake.

Miaka inayofuata

Andika tarehe nne katika kalenda ya simu yako: siku aliyokufa, siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wake, sikukuu ya dini yao, na wiki ya kufungua shule Januari. Siku hizo piga simu au fika. Usimuulize mjane kama ana shida yoyote, kwa sababu atajibu hana, sema, "Shemeji, Jumamosi nakuja na fundi tutengeneze lile choo," au "Mama Asha, daftari na viatu vya Asha mwaka huu ni juu yangu." Ahadi ndogo inayotimizwa kila mwaka inamfaa kuliko ile kubwa iliyotolewa msibani ikapigiwa makofi.

Watoto waambiwe kwamba baba amekufa, kwa neno hilo. Mtoto mdogo akiambiwa amesafiri atamngoja, na kila gari la jeshi likipita atakimbilia barabarani. Akiuliza kwa nini alikwenda nchi ya watu, jibu kwa kiasi cha umri wake, kwamba alikwenda kuwalinda watu ambao nyumba zao zilikuwa zikivamiwa, na usimpe jukumu la kulipiza wala la kuwa mwanajeshi kama baba. Akitaka mwenyewe, ataomba akifika umri.

Mjane akiolewa tena, na ana haki hiyo, upande wa mume wa kwanza usihesabu kwamba udugu umekwisha. Baba wadogo na mashangazi waende kumsalimu katika nyumba yake mpya kwa heshima, wakubaliane na mumewe siku za kuwachukua watoto waende kwa babu na bibi, na lile daftari, picha na nishani vibaki mahali ambapo watoto wanaweza kuvifikia bila kuomba.