Kabla ya kupaka jeli: lebo na kumbukumbu za ultrasaundi kwenye dharura

Majeruhi wa bodaboda akishafikishwa, hakuna atakayekumbuka saa ya mashine. Ikaguliwe mwanzo wa zamu. Umeme ukikatika na betri ikaisha, baadhi ya mashine hurudi tarehe ya zamani, na picha ya leo ikaonekana ya miaka iliyopita. Tumia saa 24: saa nane usiku iandikwe 02:00, maana 8:00 itasomwa kuwa asubuhi.

Kisha funga uchunguzi wa mgonjwa aliyetangulia. Usipofunga, damu iliyo tumboni mwa huyu huhifadhiwa kwa jina la yule, na mashine haikuonyi. Jina pekee nalo halitoshi. Nchini Uganda, Nakato na Wasswa ni majina ya mapacha, hukosi wawili wodi moja. Ongeza namba ya faili, umri na jinsia. Asiyejitambua apewe namba ya muda, iandikwe pia kwenye plasta ya mkononi mwake.

Weka jeli kidogo, gusa kwa kidole ukingo wenye alama wa probu (kifaa kinachowekwa juu ya ngozi), tazama upande upi wa skrini unatikisika. Kwa tumbo alama hukaa kushoto mwa skrini. Mpangilio wa moyo kwa kawaida huihamishia kulia.

Kila picha ibebe eneo na upande: ini na figo ya kulia, wengu na figo ya kushoto, nyonga, moyo, mapafu. Mapafu ndiyo ya kuogopa. Kulia na kushoto hufanana mno, na lebo ikikosewa mrija wa kifua huweza kuingizwa upande usioumia. Andika R (kulia) au L (kushoto) kama kwenye faili. “K” ni kulia au kushoto? Kuteleza kwa pafu kwenye ukuta wa kifua mtu anapopumua hakuonekani kwenye picha tuli, hivyo hifadhi klipu ya sekunde 3 hadi 6.

Majibu ni matatu: maji (huenda ni damu iliyovujia ndani) yapo, hayapo, au hapakuonekana vizuri, mathalani kibofu kikiwa kitupu au gesi ikiziba. Hilo la tatu likiandikwa “hayapo”, mgonjwa anayevuja damu ataachwa asubiri. Uchunguzi ukirudiwa, upewe saa yake na jina la aliyeufanya.

Skrini yenye jina isipigwe picha kwa simu na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019. Picha zilizochapwa kwenye karatasi ya joto hufifia, kwa hiyo matokeo yaandikwe kwa kalamu kwenye faili kabla mashine haijasukumwa kitanda kingine.