Kusafisha mafuta ya kula kwa majivu ya maganda ya mpunga

Mafuta yakigoma kusafika, chunguza kwanza moto uliochomea maganda. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilikuwa nachochea mpaka majivu yawe meupe pe, nikidhani weupe ndio ubora, kumbe nayaua. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Yakiungua kwenye nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi, silika hubaki na vitundu vidogo mno, na humo ndimo asidi huru (ile iliyojitenga na mafuta), ute na mabaki ya sabuni hunasa. Joto likizidi hapo, vitundu huziba na silika hugeuka fuwele: hainasi kitu, na vumbi lake hudhuru mapafu. Barakoa usiivue.

Choma maganda matupu. Usichanganye na ya ndizi wala kakao. Majivu yake yana potasiamu nyingi, nayo hukutana na asidi yakatengeneza sabuni ndani ya mafuta.

Osha majivu kwa siki, kisha kwa maji safi mara kadhaa mpaka karatasi ya litimasi, ile ya kupimia asidi, isibadilike rangi. Yakaushe kabisa, uyasage, uyachekeche.

Mafuta yawe ghafi, yaliyokamuliwa karibuni na kutuama. Ya kukaangia yaliyokwisha kuungua usiyahangaikie: rangi itang'aa, lakini uharibifu umo mle mle. Hayo ghafi yapashe taratibu. Yakitatarika, bado yana maji, na maji huziba vitundu kabla ya asidi kufika, subiri yanyamaze. Yakishapoa hadi nyuzi 90 tia gramu 20 za majivu kwa kila kilo ya mafuta, koroga polepole dakika 20 hadi 30. Ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa, na hewa huchachisha mafuta.

Chuja yakiwa moto, kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa. Kikombe cha kwanza kitatoka na ukungu, kirudishe juu. Majivu yakishatanda kitambaani, yenyewe ndiyo yanakuwa chujio, na utaona uzi wa mafuta ukishuka maangavu.

Rangi isikudanganye. Pima asidi kabla na baada, na kabla hujamlisha mtu, sampuli ipite maabara, maana majivu huweza kubeba metali zenye sumu.

Majivu yaliyolowa mafuta usiyarundike: hujipasha moto yenyewe mpaka yakawaka. Yanyunyizie maji, uyafunike kwenye debe la bati, mbali na nyumba.